Dakika Kwanza, Jina Baadaye

Rekodi ya Filbert Bayi haina ubishi. Februari 2, 1974, kule Christchurch, New Zealand, saa ilisoma dakika 3 na sekunde 32.16 katika mbio za mita 1,500, na hiyo ikawa rekodi ya dunia. Bao la mpira halina bahati hiyo. Linahitaji mtu aliyekuwepo, aliyeona nani kagusa wa mwisho, na aliyekuwa na kalamu mkononi.

Watu hao wa kalamu nawaheshimu sana. Ruvu Shooting ilipokuwa Ligi Kuu, ukifika Uwanja wa Mabatini pale Mlandizi, Kibaha, ungeweza kumtambua mtunza takwimu kwa jambo moja: bao likiingia, wenzake wanaruka, yeye anainama. Anaandika dakika kwanza. Halafu namba ya jezi, jina, aliyetoa pasi, na namna bao lilivyofungwa: kichwa, penalti, faulo, mguu wa kushoto. Dakika hutangulia kwa sababu ndiyo inayopotea upesi. Jina utaliuliza hata kesho. Dakika, kila shabiki atakupa ya kwake.

Kwenye ndondo za Kisarawe, huko Maneromango na kwingineko, kazi ni ngumu zaidi. Jezi mbili zinaweza kuwa na namba 10, mfungaji anajulikana kwa jina la utani tu, na bao lenyewe limetokana na piga nikupige langoni. Mtunza daftari mzuri hakisii. Anaacha nafasi, anasubiri filimbi ya mwisho, kisha anamfuata kipa aliyefungwa. Kipa hamsahau aliyemfunga.

Uaminifu wa kazi hii unaonekana zaidi siku timu ya kwenu inapochapwa. Agosti 26, 2017, Simba iliifunga Ruvu Shooting 7-0, Emmanuel Okwi akipachika manne. Okwi alimaliza msimu akiwa mfungaji bora kwa mabao 20. Anayesoma jumla anaona 20. Anayefungua daftari anaona kwamba moja ya tano ya mabao hayo yalipatikana siku moja, kwa kuwaumiza watu wa Pwani. Hilo halimpunguzii Okwi chochote, linaonyesha tu tuzo yake ilivyojengwa. Kwa daftari kama hilo, mabao 26 ya Mohamed Hussein ‘Mmachinga’ ya mwaka 1999 yameendelea kutajwa kila mshambuliaji anapoanza kunukia 20. Meddie Kagere alifika 23 msimu wa 2018/19, Aziz Ki akafika 21 msimu wa 2023/24.

Daftari hutunza pia kile ambacho hadithi hukiacha. Bao la Peter Tino kule Ndola, Zambia, Agosti 1979, linajulikana hata kwa waliozaliwa miaka mingi baadaye, kwani ndilo lililotupeleka Fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 kule Lagos. Mechi ile ilikwisha 1-1. Ushindi wa 1-0 dhidi ya Zambia hao hao jijini Dar es Salaam hautajwi sana, lakini kwenye daftari mechi hizo mbili zimekaa mistari jirani, na hapo ndipo bao la Ndola linapoeleweka uzito wake.

Ila ufundi mkubwa kuliko wote uko kwenye timu ya taifa. Waayalandi wanajua kwamba Robbie Keane alifunga mabao 68 katika mechi 146. Hesabu zao za zamani si rahisi hivyo: vyama viwili vya soka, cha Dublin na cha Belfast, viliita wachezaji wa kisiwa kizima hadi 1950, na wapo waliozichezea timu zote mbili. Kuna aliyekaa akatenganisha mechi moja moja.

Sisi tuna kazi inayofanana na hiyo. Taifa Stars ni ya Muungano, lakini kwenye Kombe la Challenge la CECAFA Bara huingia kama Kilimanjaro Stars na Visiwani kama Zanzibar Heroes. Desemba 2012, jijini Kampala, Mrisho Ngassa alifunga matano Somalia ikilala 7-0, na mawili yaliyobaki yakawa ya John Bocco. Jezi ilikuwa ya Kilimanjaro Stars. Orodha nyingi humpa Ngassa mabao 25 ya timu ya taifa, na matano hayo yamo ndani.

Basi mabao ya Mzanzibari aliyeifungia Heroes yaandikwe wapi? Kumhesabia wa Bara na kumwacha wa Visiwani naona si haki. Mtunza takwimu makini huchora safu mbili, ya Taifa Stars na ya Challenge, akaandika mashindano mbele ya kila bao, na msomaji akajumlisha atakavyo. Kwa mpangilio huo Ngassa hanyang’anywi bao hata moja, na Mzanzibari aliyefunga kwenye mashindano hayo hayo naye ana mstari wake.