Sifa kwa Mtunza Daraja

Daraja jipya hukatiwa utepe. Lile lililonusurika kuanguka kwa sababu kuna mtu alilipanda akakwangua kutu halikatiwi kitu. Magari yanapita kama yalivyopita jana. Aliyelisanifu tunamjua kwa jina, aliyelitia mafuta hatumjui. Huyu wa pili ndiye ninayemsifu.

Kazi yake inaonekana vizuri New York, ambako madaraja manne makuu ya mto East River yamepita miaka mia: Brooklyn lilifunguliwa 1883, Williamsburg 1903, Queensboro na Manhattan 1909. Nyaya za Brooklyn zilipakwa zinki. Za Williamsburg hazikupakwa, nazo ni 7,696 katika kila kebo kati ya kebo zake nne. Kinga yao ilikuwa mafuta na kifuniko cha nje tu. Unyevu ukapenya. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ikaendelea kula vyuma vya chini. Miaka ya 1970 hazina ya jiji ilipokauka, matengenezo yakaahirishwa, maana chuma hakilalamiki. Aprili 1988 wakaguzi wakakuta vyuma vimeoza kiasi cha kulifunga daraja kwa magari na treni. Ikaletwa hata michoro ya daraja la kuchukua nafasi yake. Mwishowe jiji likaamua kulitengeneza.

Kuiponya kebo si kazi ya pupa. Fundi akiwa kwenye jukwaa juu ya mto hufungua waya uliozungushwa kuifunika, kisha hupigilia kabari katikati ya nyaya, taratibu, mpaka zitengane na moyo wa kebo uonekane. Mkaguzi huinama akazichunguza: ipi ina kutu ya juu juu, ipi imechimbika, ipi imekatika. Mafuta ya kitani humiminwa ndani, kabari zikatolewa, kebo ikabanwa na kuzungushiwa waya upya. Kisha wanasogea hatua chache na kuanza tena. Kwingineko mwenzao anagonga chuma kwa nyundo na kutega sikio: kilicho kizima hulia, kilichooza hutoa mlio butu.

Na yote hayo daraja likiwa kazini. Hufungwa njia moja ya magari huku nyingine ikipitisha, na treni husimamishwa kwa muda maalumu tu. Ni kama kumshonea mtu kanzu huku anatembea.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye daraja methali hiyo ni ya upole mno, kwa sababu daraja huanguka na watu. Desemba 1967 Silver Bridge, juu ya mto Ohio, lilianguka kwa ufa katika kiungo kimoja cha chuma, wakafa watu 46. Baada ya hapo ndipo Marekani ilipoweka kanuni za kitaifa za ukaguzi, na madaraja mengi yakaanza kukaguliwa angalau kila miaka miwili.

Bajeti ya rangi na mafuta haina mpigapicha, kwa hiyo ndiyo rahisi kuikata. Kiongozi anayeitetea mwaka baada ya mwaka amejenga sawasawa na anayezindua. Daraja lililochorwa kuchukua nafasi ya Williamsburg limebaki kwenye karatasi. Williamsburg lenyewe, kwa mikono ya mafundi hao, bado linavusha treni.