Steringi, Adui na Pendekezo: Uhakiki wa Mashabiki wa Anime na Manga katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mazungumzo ya mashabiki wa anime na manga kama tendo la uhakiki linalofanyika kwa Kiswahili. Yanadai kwamba pendekezo la shabiki ni hukumu yenye mpokeaji anayejulikana na yenye gharama, na kwamba msamiati wake, hususani maneno steringi na adui, unauliza swali la kimaadili ambalo istilahi za darasani hulikwepa. Mfano mkuu ni Attack on Titan, inayosomwa sambamba na ngano ya Wasukuma ya Shing'weng'we. Makala yanabainisha pia mahali ambapo uhakiki huo unakwama.

Pendekezo kama hukumu

Katika kata ya Sapiwi, wilayani Bariadi, kama ilivyo kwingineko Usukumani, hukumu ya sanaa ilikuwa kazi ya hadhira muda mrefu kabla ya somo la fasihi kuingia darasani. Baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana katika mbina. Kila upande hucheza mahali pake, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Mshindi ni yule aliyevuta umati. Mtazamaji anayeacha kundi moja na kulifuata jingine amekwisha kuhakiki. Miguu yake ndiyo kauli yake. Uhakiki wa namna hii hauna maelezo, lakini una matokeo, na wachezaji huyaona papo hapo.

Huko Japani, jarida la Shōnen Jump, lililoanzishwa mwaka 1968, lilijenga desturi inayokaribiana na hiyo. Wasomaji walijaza kadi za maoni na kuzirudisha kwa wahariri, na hadithi iliyokosa kura za kutosha ilikuwa hatarini kukatishwa. Dragon Ball ya Akira Toriyama, Naruto ya Masashi Kishimoto na One Piece ya Eiichiro Oda zote zilipita katika tanuri hilo. Kwa hiyo, manga ya jarida hilo ni sanaa iliyozoea kuhukumiwa ingali njiani, kama mbina.

Shabiki wa Afrika Mashariki hana kadi wala uwanja. Naruto ilichapishwa kuanzia 1999 hadi 2014. Anayeianza leo akiwa Bariadi anakuta kazi iliyokwisha, ambayo hukumu yake haiwezi kuirefusha wala kuikatisha. Swali la msingi ni hili: hukumu isiyomfikia msanii inafanya kazi gani? Jibu limo katika tendo ambalo mashabiki hulifanya zaidi kuliko jingine lolote, yaani kupendekeza. Hukumu isiyomfikia mwandishi inamfikia mwenzake, na huko ina matokeo. Anayeambiwa aitazame One Piece, ambayo ilivuka episodi 1000 mwaka 2021, anaombwa atoe bando, chaji ya simu na miezi ya jioni zake. Akichoshwa, anajua wa kumlaumu. Mwenye kupendekeza ameweka rehani heshima yake ya kuwa mtu anayejua kilicho kizuri.

Hali hiyo inautenga uhakiki huu na ule wa shuleni. Mwanafunzi anayechambua fani na maudhui ya tamthiliya iliyoteuliwa hamshawishi mtu yeyote aisome; msahihishaji amekwisha kuisoma, naye hataulizwa kama aliifurahia. Mgawanyo wa fani na maudhui umeisaidia taaluma, na hakuna sababu ya kuubeza. Hata hivyo, umezoesha vizazi vya wanafunzi kudhani kwamba kuhakiki ni kuorodhesha dhamira, mandhari na wahusika, na kwamba kusema kama kazi inafaa au haifai ni jambo la pembeni. Kwa shabiki, hilo la pembeni ndilo kiini, na mengine yote ni ushahidi wake.

Kihistoria, shabiki wa anime hakuanza patupu. Watazamaji wa Tanzania walikwisha kuzoea kusikia filamu ikihakikiwa ndani yake yenyewe. Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alisimulia kwa Kiswahili filamu za kigeni zilizosambazwa kwa kanda na baadaye kwa diski. Krings (2015) ameonesha kwamba kazi hiyo ilizidi tafsiri, kwa kuwa msimulizi aliongeza maelezo na maoni yake. Katika mabanda ya video, ambayo watu wameyaita vibanda umiza, mtazamaji alipata filamu na mhakiki wake kwa kiingilio kimoja. Leo kijana anatazama peke yake katika simu, akisoma manukuu ya Kiingereza chini ya sauti za Kijapani. Msimulizi ametoweka. Nafasi yake imechukuliwa na rafiki, ambaye husimulia kabla au baada, na ambaye, kinyume na Lufufu, anaweza kubishiwa.

Kali, imepoa, inaboa

Msamiati wa tathmini ni mfupi, lakini umepangika kuliko unavyoonekana. Neno la sifa kuu ni kali. Kiswahili sanifu kina zuri, lakini shabiki hulitumia kwa uchache, na ana sababu. Kali ni neno la kisu, la jua, la pilipili na la mbwa. Hutaja kinachoacha alama katika mwili wa anayekutana nacho. Kazi kali haisifiwi kwa kutimiza kanuni za umbo, bali kwa kile ilichomfanyia mtazamaji. Kinyume chake si baya, bali imepoa au inaboa. Hapa kuna jambo linalostahili kuangaliwa na wanaisimu: poa, katika maamkizi na makubaliano, ni hali njema, ilhali imepoa, kwa sherehe au hadithi, ni lawama. Kinachobadili maana ni hali timilifu. Kilicho poa kiko sawa. Kilichopoa kiliwahi kuwa na moto, nao umezimika. Kwa hiyo anayesema kwamba hadithi imepoa anadai, bila kutumia istilahi yoyote ya msuko, kwamba iliahidi joto ambalo haikulidumisha.

Majina ya Kijapani nayo yameingia bila vita. Kiingereza hulazimika kuongezewa irabu ili kikae vizuri katika silabi za Kiswahili, ndiyo maana kuna steringi, bando na flashi. Anime, manga na Naruto zimekuja na silabi wazi tangu kwao, na zimepokewa katika ngeli ya i-/zi- kama zilivyo. Manga imemkuta hata jamaa yake wa jina: Manga ya Uarabuni, iliyoacha alama katika pilipili manga. Mgongano huo hauleti utata, kwa kuwa muktadha huumaliza. Unafaa zaidi kwa utani.

Steringi aliyegeuka

Uzito wa uhakiki huu uko katika jozi ya steringi na adui. Maneno hayo yamezoeleka katika mazungumzo ya filamu tangu zama za kanda, pamoja na kanuni yake mashuhuri kwamba steringi hafi. Darasani, nafasi ya steringi huchukuliwa na mhusika mkuu. Istilahi hizi mbili hazilingani. Mhusika mkuu ni suala la kiasi: yule anayejitokeza zaidi na kubeba matukio. Steringi ni suala la upande: yule ambaye mtazamaji yuko pamoja naye. Mhusika mkuu anaweza kuwa mwovu bila istilahi kutikisika. Steringi akiwa mwovu, neno lenyewe linavunjika, na mtazamaji hana budi kueleza yuko upande gani.

Death Note ya Tsugumi Ohba na Takeshi Obata (2003–2006) inalivunja mapema. Light Yagami ana akili, ana sura ya steringi na anaongoza hadithi. Pia anaua watu kwa kuandika majina yao katika daftari, na mwishoni anakufa. Ubishi juu ya nani steringi, yeye au mpelelezi L, hauwezi kutatuliwa kwa kuhesabu kurasa. Anayemtaja Light ametetea, atake asitake, wazo kwamba mhalifu auawe bila kesi. Katika nchi ambamo mwizi aliyekamatwa mtaani anaweza kuuawa na umati kabla polisi hawajafika, ubishi huo hauhusu Japani peke yake.

Attack on Titan ya Hajime Isayama (2009–2021) inakwenda mbali zaidi, na hapa msomaji wa Usukumani ana kipimo chake mwenyewe. Hadithi inaanza na majitu yanayokula watu. Ukuta unabomolewa, mama wa kijana Eren analiwa mbele ya macho yake, naye anaapa kuyaangamiza majitu yote. Wasukuma wanayo ngano ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na mifugo yao. Akasalia mwanamke mjamzito aliyejificha. Mtoto wake, Masala Kulangwa, ambaye jina lake limebeba neno masala, yaani akili, anakua akiuliza aliko baba yake. Analisaka zimwi, analiua, analipasua tumbo, na watu wanatoka wakiwa hai. Waswahili wa pwani wanamjua ndugu wa ngano hiyo kupitia Nunda mla watu katika hadithi ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Steere mwaka 1870, ambamo mtoto aliyedharauliwa na kukaa jikoni ndiye anayemuua.

Kwa mtazamo wa harakaharaka, ulinganisho unaishia hapo: zimwi, mtoto, kisasi. Kama ingekuwa hivyo tu, Attack on Titan ingekuwa ngano ndefu yenye kuta. Lakini Isayama anamgeuza steringi wake. Eren anagundua kwamba majitu yalikuwa watu, kwamba nyuma ya bahari kuna mataifa yanayomwogopa, na anaamua kuiponda dunia kwa miguu ya majitu anayoyaongoza yeye mwenyewe. Mikasa, aliyempenda kuliko wote, ndiye anayemuua. Mtoto aliyelisaka zimwi amekuwa zimwi.

Mashabiki wamegawanyika juu ya mwisho huo, na mgawanyiko wao ni wa kihakiki hasa. Wapo wanaosema kwamba mwandishi amemsaliti steringi. Wapo wanaosema kwamba Eren hakuwahi kuwa steringi, bali mtazamaji alidanganywa na machozi ya episodi ya kwanza. Kauli ya pili ina nguvu zaidi, kwa sababu inairudisha lawama kwa mtazamaji na kumlazimu aitazame kazi upya. Ngano ya Shing'weng'we inaiunga mkono kwa njia isiyotarajiwa. Katika toleo mojawapo lililoandikwa, Masala Kulangwa anapolipasua zimwi anamkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi huyo hashangilii ukombozi. Anakasirika na kutaka kumdhuru mkombozi wake, naye kijana inambidi amtafutie dawa na kumponya. Fanani aliyeliweka sikio hilo katika hadithi alijua kwamba kisu cha ukombozi hakichagui. Tofauti iko katika kinachofuata: Masala Kulangwa anasimama kwa ajili ya sikio moja, ilhali Eren anayahesabu mamilioni na kuendelea. Kwa kipimo hicho, Eren si steringi aliyesalitiwa. Ni steringi aliyekataa kutafuta dawa.

Kumalizia wengine

Mazungumzo haya yana mwiko mmoja mkubwa: usimmalizie mwenzako hadithi. Makala ya kitaaluma hayana budi kuuvunja, kama yalivyokwisha kufanya, lakini mwiko wenyewe ni mpya katika utamaduni wa hadithi za Kiswahili. Hadhira ya ngano huujua mwisho. Hakuna aliyekwenda kumsikiliza fanani akihofia kuambiwa mapema kwamba Nunda atauawa, na kifo cha Fumo Liyongo kwa sindano ya shaba kinajulikana hata kwa wasiousoma utenzi wake. Utamu ulikuwa katika namna ya kusimulia.

Mwiko huo unampa mwenye kupendekeza mtihani wa balagha. Lazima asifu kazi bila kutoa ushahidi wake mzito, kwa kuwa ushahidi mzito mara nyingi ni mwisho. Ndiyo maana pendekezo hujaa maneno ya subira: vumilia mwanzo, usiishie njiani, utaelewa mbele. Kuna hasara pia. Hukumu inayolinda tukio la mwisho huishia kuliabudu tukio, na kazi isiyo na mshtuko wa kufichwa hukosa mtetezi. Kazi za utulivu, zinazohusu maisha ya kila siku, huteseka kwa sababu hiyo. Ni vigumu kuzipendekeza kwa neno kali.

Upungufu mkubwa zaidi, hata hivyo, uko kwenye mchoro. Manga ni sanaa ya wino: ukubwa wa kisanduku, mweupe ulioachwa wazi, mstari wa mwendo, jicho la msomaji linalosafiri kutoka kulia kwenda kushoto. Kuhusu hayo shabiki husema kwamba wamechora vizuri, kisha hurudi kwenye mapigano. Neno katuni, linalobeba kwa pamoja kibonzo cha gazetini, hadithi ya picha na filamu ya kuchorwa, halimsaidii kutenganisha. Lakini lawama si yake peke yake. Tanzania imekuwa na hadithi za picha katika jarida la Sani na vibonzo vya Kingo vya James Gayo, na wasomaji wake walimjua kila mhusika kwa umbo la pua na mkao wa kofia. Uhakiki wa Kiswahili ulizisoma kazi hizo, pale uliposhughulika nazo, zaidi kwa utani na lugha yake. Mstari uliozichora uliachwa bila istilahi. Obata alipomchora Light akitabasamu huku uso wake ukiwa nusu kivulini, alitoa hoja juu ya steringi na adui kabla neno lolote halijaandikwa kwenye kiputo. Hoja hiyo shabiki wa Bariadi ameiona. Bado anaidai lugha yake neno la kuisemea.