Tanuri Lake, Brashi Yake: Kuutazama Mkusanyiko wa De Morgan

Mwaka 1922 ulitoka Uingereza wasifu wa wasanii wawili waliokuwa mume na mke, na jina la kitabu, tukilitia katika Kiswahili, ni "William De Morgan na Mkewe". Mke hatajwi jina. La ajabu ni kuwa mwandishi wa kitabu hicho, Wilhelmina Stirling, ni mdogo wake wa damu huyo mke asiyetajwa, na ni yeye huyo huyo aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kuzitafuta na kuzihifadhi kazi za dada yake. Aliyezinusuru picha ndiye pia aliyemsukuma mwenye picha nyuma ya mlango. Naona tabu kuupita mkanganyiko huu kimya kimya, kwani mkusanyiko wa De Morgan mpaka leo husomwa kwa namna kitabu kile kilivyotufundisha kuusoma.

Tuwatambue kwanza wenyewe. William alizaliwa London mwaka 1839, mtoto wa Augustus De Morgan, yule mwanahisabati mashuhuri aliyezaliwa India. Evelyn Pickering alizaliwa mwaka 1855 katika nyumba ya watu wenye mali, ambao hawakuona fakhari yoyote binti yao kuishi kwa brashi. Hata hivyo alijiunga na skuli ya sanaa ya Slade mwaka 1873, akashinda tuzo, na mwaka 1877, Grosvenor Gallery ilipofunguliwa, alikuwa miongoni mwa walioonyesha kazi zao humo. Jina lake la kwanza lilikuwa Mary. Alilichagua Evelyn kwa kuwa siku hizo liliitwa na wanaume na wanawake, ili picha zake zihukumiwe kwa picha. Sisi wenye lugha ambayo "yeye" wake haumtambulishi mume wala mke hatupati tabu kuielewa hila hiyo. Walioana mwaka 1887, bwana akiwa na miaka 47 na bibi 31.

Mimi ni mfasiri, na elimu ya sanaa sikuipata katika skuli yoyote; jicho langu, basi, huenda kwanza pale ninapoiona kazi ya mfasiri mwenzangu. William nadhani alikuwa mmoja wetu. Nyumba ya mchoraji Frederic Leighton ingaliko London, na ndani yake mna ukumbi uitwao Arab Hall, uliojengwa baina ya 1877 na 1881. Kuta zake zimevaa vigae vilivyotoka Damascus na kwengineko Mashariki. Baadhi yake Leighton alivipata kwa msaada wa Richard Burton, aliyewahi kuwa balozi mdogo huko Damascus. Ni Burton huyu huyu aliyefika Unguja kabla ya safari yake ya bara ya 1857, na akaandika juu ya Zanzibar kitabu cha juzuu mbili. Vigae vilifika pungufu: hiki kimevunjika, kile hakina mwenziwe. William ndiye aliyekabidhiwa kuvipanga na kuvitengeneza vya kuzibia mapengo. Hiyo ndiyo tafsiri katika sura yake iliyo ngumu kuliko zote, mfano wa mtu aliyepewa utenzi ulioliwa na mchwa akaambiwa aukamilishe beti zake pasi na kuisikilizisha sauti yake. Na alijizuia kweli. Sauti yake aliiweka kando, katika vigae vya buluu iliyokoza vilivyomo kwenye ukumbi wa jirani, ambako hapakuwa na mtu wa kumwigiza.

Jambo jengine alilolitia katika lugha ya kwao ni mng'aro wa madini. Ufundi huu ulianzia Iraq katika karne ya 9, ukenda Misri, ukenda Iran, ukafika Hispania. Mfinyanzi huchukua chombo kilichokwisha kuchomwa na kupakwa ganda lake la kioo, akachora juu yake kwa mchanganyiko wenye fedha au shaba, kisha akakirudisha katika tanuri kwa moto mdogo zaidi. Hapo hukisonga chombo kwa moshi, hewa ikapungua, na moshi ukayavua madini yale mpaka ukabaki utando mwembamba unaogeuka rangi kila unapogeuza chombo. Ukizidisha moto, umeunguza. Ukipunguza, umepata uchafu tu. William alijifunza kwa kuharibu. Mapema katika miaka ya 1870 majaribio yake yaliwahi kuliteketeza paa la nyumba aliyokuwa amepanga. Baadaye, mwaka 1892, alisimama mbele ya watu London akaeleza hadharani namna mng'aro unavyofanywa, jambo ambalo mafundi wengi wangelizikwa nalo.

Msomaji wa pwani ana haki ya kuusikia ukoo huu kwa sikio la karibu. Vyombo vya buluu-kijani vya Iraq na Ghuba, vya karne zile za mwanzo, vimefukuliwa Unguja Ukuu na Manda. Mababu walivitia chakula karne kumi kabla ya wapenzi wa sanaa wa London kuanza kuvitia katika makabati. Kwa hiyo siwezi kustaajabu pamoja na Waingereza kwamba William "aligundua". Alirejesha. Na pale ninapomlaumu ni katika majina. Yeye na wenzake waliziita rangi hizo za buluu, kijani na zambarau kuwa ni "za Kiajemi", ilhali vyombo vingi walivyokuwa wakivihusudu vilitoka Iznik, katika nchi ya Waturuki. Mfasiri asiyejua anatafsiri kutoka lugha gani anaweza kutoa shairi zuri, lakini deni lake huandikwa kwa mtu siye.

Kwa mafundi wake mwenyewe alikuwa muungwana zaidi. Geuza chombo kilichotoka katika karakana yake huko Fulham, na aghalabu utakuta chini yake herufi za aliyekichora: C.P. au F.P. kwa ndugu wawili Charles na Fred Passenger, J.J. kwa Joe Juster. Ni nadra kwa enzi ile. Herufi ambazo hazimo popote ni za aliyeilipia karakana. Ufinyanzi wa William haukupata kumpa faida ya kutegemea. Tangu ndoa yao, fedha za Evelyn, pamoja na za picha alizouza, ndizo zilizolifanya tanuri liendelee kuwaka. Walipokuwa wakikaa Florence majira ya baridi, kuanzia miaka ya 1890, kwa ajili ya siha ya William, michoro ya vigae ilichorwa huko juu ya karatasi nyembamba, ikapelekwa London, ikabandikwa kwenye vigae. Karatasi iliungua tanurini na rangi ikabaki. Karakana ilifungwa mwaka 1907, mwaka mmoja tu baada ya William kutoa riwaya yake ya kwanza, "Joseph Vance", iliyompatia umaarufu na kipato ambacho udongo ulimnyima. Alikuwa na miaka 66.

Sasa picha. Nakiri kuwa baadhi yake hunichosha. "The Worship of Mammon" ya mwaka 1909, mwanamke akilikumbatia goti la sanamu kubwa lenye mfuko wa fedha, ni fumbo lililofumbuliwa kabla halijafumbwa. Mshairi anayefanya hivyo tunamwambia aende akaandike khutuba. Wasichana wake nao mara nyingi wana uso mmoja. Lakini simama mbele ya "Night and Sleep" ya 1878: Usiku anakwenda angani na vazi lake limejaa upepo, anamvuta Usingizi kwa mkono, na Usingizi, macho yamemfumba, anadondosha maua ya afyuni bila ya kujua anayadondoshea nani. Hapo jazanda haikuelezwa. Imeachwa ielee.

Iliyo bora kwangu ni "The Love Potion" ya mwaka 1903. Mwanamke aliyevaa vazi la rangi ya dhahabu anamimina dawa. Pembeni pana rafu ya vitabu, miguuni paka mweusi, na dirishani wanaonekana wapenzi wawili. Wengi humwita mchawi, wakamaliza. Mimi namtazama mkono. Ni mkono mtulivu, wa mtu apimaye, na vitabu vile vimesomwa. Evelyn amemchora mwanamke mwenye ilimu, akamwachia mtazamaji aone haya ya kumwita jina jengine. Hatujui kama dawa ni ya kuwaunganisha wale wawili au ya kuwatenganisha, na picha haitaki kusema. Katika "The Gilded Cage" nako yumo mwanamke, mume mzee, ndege tunduni, na nje ya dirisha watu wanacheza ngoma. Vito na kitabu vimetupwa chini. Picha hii iko wazi zaidi, lakini mikono aliyoinyoosha kuelekea dirishani inauma. Anayetaka kuidai kuwa ni siri ya ndoa ya mchoraji akumbuke kuwa wote wawili waliunga mkono kura ya wanawake, na kuwa hapakuwa na aliyemzuia Evelyn kufanya kazi. Wakati wa Vita Kuu alichora dhidi ya vita, na mwaka 1916 akaonyesha picha hizo katika chumba chake cha kazi kuichangia Msalaba Mwekundu. William alifariki 1917. Evelyn aliweka brashi kando kwa muda, akazikamilisha riwaya mbili alizoziacha mumewe, kisha naye akafariki mwaka 1919. Juu ya majalada ya riwaya hizo limo jina moja.

Wilhelmina alizikusanya kazi za wote wawili katika nyumba ya Old Battersea House, alikoishi tangu 1931 hadi kufa kwake mwaka 1965, akiwa na miaka 99. Watafiti wa baadaye wamezitilia shaka baadhi ya hadithi zake, na wana haki. Lakini katika miaka ambayo picha za namna hii zilidharauliwa, yeye alikuwa na kuta na alizitundika. Wakfu uliundwa mwaka 1967 kuutunza mkusanyiko. Mwaka 1991 moto wa ghala uliteketeza picha kadhaa za Evelyn, na hizo sasa tunazo kwa maelezo na kwa picha za kamera tu. Kituo cha De Morgan kilichofunguliwa Wandsworth mwaka 2002 kilifungwa moja kwa moja mwaka 2014. Tangu hapo vitu vimegawanywa, vyengine vikaenda Wightwick Manor karibu na Wolverhampton, vyengine Cannon Hall, huko Barnsley. Nyumba hii ya Cannon Hall ilikuwa ya ukoo wa Spencer Stanhope, ukoo wa mama yake Evelyn, yule ambaye hakumtaka binti yake awe mchoraji.