Barua Iliyochomwa: Watazamaji na Filamu ya Paranoid Park

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha insha ya mtahiniwa aliyedai kwamba msanii fulani "ameshindwa kupanga matukio." Ukaandika "thibitisha" pembeni, ukachukua karatasi inayofuata. Ningependa tulisimamie dai hilo kwa muda. Kazi niliyoichagua si kitabu bali ni filamu: Paranoid Park ya Mmarekani Gus Van Sant. Filamu hii ilionyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka 2007, na ikapewa tuzo maalumu ya kuadhimisha miaka 60 ya tamasha hilo. Ilipofika kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwaka uliofuata, mapato yake huko hayakufikia hata dola milioni moja. Waamuzi waliipigia makofi, umma ukaipita mlangoni. Na wale walioingia nao hawakukubaliana. Kuna wanaoiona kuwa kazi ya sanaa iliyokomaa, na kuna wanaolalamika kwamba walilipa kiingilio ili kumtazama kijana akitembea ushorobani.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Alex ni mwanafunzi wa miaka 16 katika mji wa Portland, jimbo la Oregon. Anapenda kuteleza kwa ubao wa magurudumu, mchezo ambao huenda wanafunzi wako wa Nairobi wameuona katika uwanja wa saruji wa Shangilia kule Kangemi. Wazazi wake wako katika harakati za kutalikiana. Usiku mmoja anakwenda peke yake kwenye uwanja wa watelezaji wenye sifa mbaya, ndio huo Paranoid Park, na hapo mwanamume aliyemzidi umri anamshawishi wadandie gari moshi la mizigo. Mlinzi wa reli anawakimbilia na kuanza kumpiga kwa tochi. Alex anamrudishia kwa ubao wake, mlinzi anaangukia reli ya pembeni, na gari moshi jingine linamkata vipande viwili. Alex anautupa ubao mtoni, anakwenda kuoga, kisha ananyamaza.

Nimekusimulia kwa mpangilio huo ili unielewe. Filamu haifanyi hivyo. Inaanza na Alex akiandika kwenye daftari, inaruka hadi shuleni, inarudi uwanjani, inampeleka mbele ya mpelelezi kabla hatujajua amefanya nini, kisha inarejelea matukio yale yale tuliyokwisha kuyaona, safari hii tukiwa na habari zaidi. Baina ya matukio hayo kuna picha zilizopigwa kwa filamu ndogo ya milimita 8, za vijana wakiteleza polepole, zisizosogeza kisa hata hatua moja. Hapo ndipo watazamaji wanapogawanyika. Niliitazama pamoja na walimu wenzangu wawili. Mmoja hakuyaondoa macho kwenye pazia. Mwingine, ambaye ni mwalimu hodari wa fasihi kuliko mimi, aliinuka baada ya nusu saa, akasema hadithi isiyojua inakoanzia haiwezi kujua inakokwenda.

Hoja yake ina uzito, lakini imekosa jambo moja. Ni nani anayesimulia? Si Van Sant. Ni Alex, na anachokifanya ni kuandika barua. Rafiki yake Macy ameona kwamba kuna jambo linalomkera, akamshauri aliandike. Katika usimulizi wake kijana huyu anaomba radhi kwamba hayafuatishi mambo vizuri, kwani hakufanya vyema katika somo la uandishi. Mtahiniwa makini atakishika kijisehemu hiki kwa mikono miwili. Vurugu ya msuko ni vurugu ya msimulizi mwenyewe. Kila anapofika karibu na usiku ule wa reli, kalamu yake inakwepa: anakumbuka sokomoko la nyumbani, anamkumbuka msichana wake Jennifer, anarudi uwanjani. Riwaya ya Blake Nelson iliyozaa filamu hii, iliyotoka mwaka 2006, nayo ni ya barua, lakini inafuata wakati kwa utaratibu zaidi. Kwa hiyo uchanganyaji huu ni uamuzi wa mwelekezi.

Linganisha na Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Kongowea Mswahili naye anasimulia kwa nafsi ya kwanza, naye ana majeraha ya utotoni, lakini amekwisha kuyavuka. Anatazama nyuma akiwa amepata maneno ya kuyaeleza. Alex hajavuka chochote. Ndiyo maana sioni faida ya mwanafunzi kuandika tu kwamba "mbinu ya kisengerenyuma imetumika." Imetumika, sawa, lakini na nani na akikwepa nini?

Lawama ya pili ni kwamba waigizaji ni wakavu. Wengi wao hawakuwa waigizaji kamwe. Walitafutwa miongoni mwa vijana wa kawaida, hata kupitia mtandao wa MySpace uliokuwa ukivuma wakati ule, na Gabe Nevins aliyeigiza Alex hakuwa na uzoefu. Anazungumza kwa sauti ya chini, uso hauonyeshi jambo. Kuna watazamaji wanaosema kijana huyu hana hisia. Nakuomba utazame sehemu mbili kabla ya kukubali. Ya kwanza ni mahojiano na mpelelezi Lu. Kamera inamsogelea Alex taratibu, bila kukatizwa, huku akijibu maswali madogo madogo kwa adabu. Hakuna kofi la mezani wala muziki wa kututisha. Unamwona mtoto akijifunza kusema uongo, na unajikuta ukiomba asikosee. Ya pili ni ile ya kuoga. Maji yanamtiririka kichwani, mwangaza unafifia, sauti za ndege zinapanda hadi zinakuwa kelele. Hasemi neno. Sisi tuliozoea tamthilia ambazo mhusika husema "Oh, nimekwisha!" huenda tukaona pengo hapo. Mimi niliona kilio.

Pia kuna jinsi anavyoachana na Jennifer. Midomo ya msichana inachezacheza, uso unabadilika kutoka furaha hadi hasira, lakini maneno yamefunikwa na muziki wa Nino Rota. Kejeli iliyoje! Mtu anaachwa, na aliyemwacha hamsikii.

Hata hivyo, sitaki ufikiri kwamba naitetea filamu hii kila kona. Zile picha za kuteleza ni nzuri mara ya kwanza na ya pili. Kufikia ya nne zinaanza kunuka kujipendekeza. Na lawama ya tatu, inayotolewa na wale wanaoudhika kimaadili, siwezi kuipuuza. Barua ikishakamilika, Alex anaitia motoni, ukurasa baada ya ukurasa. Macy hatumiwi kitu, polisi hawaambiwi. Kuna wanaosema huo ni ukombozi: ameshaungama kwa karatasi, na hilo limemtosha. Kuna wanaouliza limemtosha nani. Mlinzi yule tunamwona akitumikia kazi yake, akikata roho kwa namna ya kutisha, basi. Hatuonyeshwi nyumba yake wala jamaa zake. Mtu anaweza kujibu kwamba barua ni ya Alex na Alex hakumjua, na jibu hilo linaendana na hoja yangu ya msimulizi. Lakini limenikaa vibaya. Mantiki ya msimulizi inaeleza kwa nini mlinzi hana sura. Haielezi kwa nini na sisi, baada ya dakika 80 na ushei, turidhike asiwe nayo.

Filamu hii haifai kuonyeshwa darasani nzima nzima, kwani ina sehemu za mapenzi na ile ya relini. Itazame kwanza mwenyewe. Mimi niliwasimulia tu wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu, nikawataka wajadili iwapo Alex alifanya haki kuichoma barua. Walibishana kipindi kizima. Kengele ilipolia, msichana mmoja aliyekuwa kimya akauliza mlinzi aliitwa nani. Nilikuwa nimeitazama mara mbili, na sikuweza kumjibu.