Milisekunde za Fundi

Fundi anayeng'oa gia na springi kwenye bunduki ya airsoft, ule mchezo wa kulengana kwa gololi za plastiki, ili aweke injini ya hewa, mimi namvulia kofia. Tangu Tokyo Marui ya Japani ilipotoa FAMAS yake ya umeme mwaka 1991, wachezaji wamezoea mlio wa mota: mota huzungusha gia, gia huvuta pistoni, springi huirudisha kwa kishindo, na upepo wake huirusha gololi ya milimita 6. Vyuma vinasagana humo ndani, na vinavyosagana huisha.

Injini ya hewa haina gia hata moja. Hewa hutoka kwenye mtungi uliojazwa hadi psi 3,000 au 4,500, regyuleta huiteremsha mpaka mia moja hivi, kisha vali ya solenoidi huifungulia njia kwa milisekunde chache. Ufundi wote uko humo. Vali ikiwahi kujifunga, gololi hutoka kinyonge. Ikichelewa, hewa hupotea bure. Basi fundi hupunguza muda kidogo kidogo, huku akifyatua mbele ya kipima kasi, mpaka namba zianze kushuka. Hapo hurudi hatua moja, akaacha.

Kuna pia oringi, kipete cha mpira ambacho wengi hawakithamini. Nimemtazama fundi akiipaka grisi ya silikoni kwa ncha ya kidole, akaigeuzageuza kwenye mwanga kutafuta mkwaruzo, akaikalisha bila kuivuta, ndipo akafungua hewa na kutega sikio asikie kama inavuja.

Uaminifu wake huonekana kwenye upimaji. Pistoni ya springi ina pumzi yake moja tu, lakini hewa ya mtungi huweza kuendelea kuisukuma gololi nzito inayokawia mtutuni, nguvu ikapanda. Uingereza, tangu 2017, sheria imeweka ukomo wa jouli 1.3 kwa bunduki ya airsoft inayofyatua mfululizo. Gololi ya gramu 0.20 ikienda mita 114 kwa sekunde imeshafika hapo. Atakayepima kwa nyepesi kisha akacheza kwa nzito anamhatarisha mwenzake. Fundi ninayemsifu hupima kwa gololi ileile itakayoingia uwanjani, kisha huifunga regyuleta kwa kufuli kabla msimamizi hajaiulizia.