Milimita za Opareta wa Greda

Watoto wakisimama kando ya saiti ya barabara hutazama ekskaveta, kwa sababu ina mkono na inachota. Wakiichoka huhamia kwenye buldoza, ambalo wengi wetu huliita katapila hata kama limetengenezwa Japani. Greda haipati watazamaji. Inakwenda mbele taratibu, inarudi nyuma taratibu, na kwa aliye mbali kazi yake haina tofauti na kufagia uwanja. Lakini ingia saitini uulize ni opareta gani ambaye asipofika asubuhi kazi nzima hukaa ikimsubiri. Utatajiwa mtu wa greda, tena si kila mtu wa greda: utatajiwa yule wa fainali, anayekata tabaka la mwisho kabla ya lami.

Nimeanza kuistahi zaidi kazi yake tangu vifaa vya setilaiti vilipoanza kufungwa kwenye mashine hizi. Wengi walitarajia kinyume chake, kwamba skrini ikishajua kila kimo cha barabara, mtu yeyote mwenye mikono miwili ataweza kukaa pale.

Tuanze na mashine yenyewe. Greda ni ndefu kwa makusudi. Tairi mbili za mbele ziko mbali na dereva, nne za nyuma zimefungwa mbili mbili kila upande kwenye mhimili unaobembea, na kati yake inaning'inia bledi, ule ubapa wa chuma ambao kwenye greda nyingi za ukubwa wa kati una urefu wa kama mita 3.7. Tairi zote mbili za mbele zikipanda tuta la sentimita 10, bledi haipandi 10. Hupanda kama 6. Tairi za nyuma zikifika palepale, zinalipanda kwa zamu, na bledi huinuka kama 2 tu. Kwa hiyo kila pasi inapunguza makosa ya pasi iliyotangulia, na hiyo ndiyo siri ya kusawazisha. Tairi za mbele nazo zinaweza kulazwa upande, ili mashine isisukumwe kando na mzigo wa udongo unaoteleza kwenye bledi. Wazo hilo ni la Joseph Adams wa Marekani, mwaka 1885, enzi ambazo greda ilikokotwa na farasi. Halijapata mbadala hadi leo.

Sasa mtazame opareta. Malori yameshamwaga kifusi kwa vichuguu. Anavibomoa, anatandaza, boza la maji linapita, kisha anakikusanya kifusi upande mmoja kuwa mstari mrefu, anauhamishia upande wa pili, anaurudisha. Katika kuhama huko kifusi kinajiviringisha mbele ya bledi na maji yanaingia ndani. Pembe ya bledi ndiyo kila kitu hapo. Ikisimama wima mno dhidi ya mwendo, kifusi hujaa mbele na kumwagikia pande zote mbili. Ikilazwa mno, kifusi hukimbia kabla hakijachanganyika, na mawe makubwa huanza kujitenga na vumbi lake. Tabaka lenye mawe upande huu na vumbi upande ule litapita mbele ya macho ya mtu asiyejua, halafu litafumuka mvua ya kwanza.

Mwendo nao una adabu yake. Ukizidi, mashine huanza kudundadunda juu ya tairi zake, bledi inachora mawimbi, na pasi inayofuata inayafuata yale mawimbi na kuyakuza. Anayejua hapambani nayo kwa bledi. Anapunguza gia, anabadili pembe, anapita mshazari mara moja, yanakwisha. (Yale mawimbi yanayotikisa mabasi kwenye barabara za changarawe mengi huletwa na tairi za magari yetu wenyewe. Tuwatendee haki maopareta.)

Halafu maji. Mwaka 1933 mhandisi Ralph Proctor wa Los Angeles alionyesha kwamba kila udongo una kiwango chake cha unyevu ambacho ukishindiliwa hapo hukaza kuliko penginepo: ukiwa mkavu zaidi haushikani, ukiwa na maji zaidi unateleza chini ya rola. Maabara ya saiti hukipima kiwango hicho. Opareta hukiona. Anaangalia rangi ya kifusi kinapogeuka, kama kinaanguka kwenye bledi kwa mabonge au kwa vumbi, kama kinaacha utando kwenye chuma. Akiwa na shaka anashuka, anakamata konzi moja, anaifinya. Kabla vijana wa maabara hawajarudi na kikaango chao cha kukaushia udongo, ameshamwashiria dereva wa boza apite tena, au akae pembeni.

Na juu ya yote hayo kuna kimo. Kwa utaratibu wa zamani mpima hupigilia vigingi kila mita 20 au 25, pande zote mbili za barabara, kila kimoja na alama yake ya rangi. Vijana wawili wanavuta kamba kutoka kigingi hadi kigingi, wa tatu anapima kwa futi kutoka kwenye kamba hadi chini, kisha anainua vidole: viwili kuelekea chini, kata sentimita mbili, kimoja kuelekea juu, ongeza moja. Opareta anavisoma vidole hivyo katikati ya vumbi, na vyote vinamwambia habari za sehemu moja tu. Kati ya kigingi na kigingi hakuna anayemwambia kitu. Hapo anaongozwa na jicho lililozoea mteremko wa asilimia 2.5 kutoka mgongoni mwa barabara hadi ukingoni, na vilevile na kiti. Waliobobea husema wanaihisi barabara kwa makalio, na hawatanii: mashine ikiinama upande hata kidogo, mwili unajua kabla ya macho.

Kazi hii ya kimo ndiyo iliyoangukiwa na teknolojia. Setilaiti peke yake, kama ile ya simu yako, inakosea kwa mita kadhaa, na mita kadhaa hazijengi barabara. Ujanja ni kusimika pokezi moja mahali ambapo majira yake ya ramani na kimo chake vinajulikana, lilinganishe kile setilaiti zinachosema na kile linachojua ni kweli, kisha lirushe masahihisho kwa redio hadi kwenye greda. Greda nayo, badala ya kusikiliza saa ya setilaiti tu, inahesabu mawimbi yenyewe ya redio, ambayo wimbi lake moja lina urefu wa kama sentimita 19. Kwa njia hiyo kimo cha bledi hujulikana kwa sentimita 2 au 3. Kwa kujenga tuta, hiyo inatosha na kubaki. Kwa tabaka la mwisho haitoshi, kwa hiyo huletwa kifaa cha upimaji kinachojizungusha chenyewe, kinaifuata prizimu iliyofungwa kwenye mlingoti juu ya bledi, na hapo tunaingia kwenye milimita. Kifaa kimoja huhudumia mashine moja, na lazima viwe vinaonana.

Mwaka 2002 Caterpillar na Trimble waliunda kampuni ya pamoja kwa ajili ya mifumo hii. Mwaka 2013 Komatsu ikatoa buldoza ambalo mfumo umejengwa ndani tangu kiwandani. Opareta anapakia mchoro wa barabara, anaona kwenye skrini bledi yake iko juu au chini ya mstari kwa kiasi gani, na akibonyeza kitufe, valvu za haidroliki zinaishusha na kuipandisha zenyewe mara nyingi kwa sekunde. Kwenye saiti zenye mifumo hii kamba imekwisha. Vidole vimekwisha. Wale vijana watatu nao, tuseme ukweli, wamekosa kibarua, na sijasikia mtu akiwapangia kingine.

Lakini keti nyuma ya opareta asiyejua udongo, mwenye skrini bora kuliko zote, uone. Bledi inashuka hadi kimo sahihi kabisa, na chini yake hakuna kitu, kwa sababu kifusi kiliisha mita kumi nyuma. Au mbele yake kimejaa kupita kiasi, tairi zinateleza na kuchimbua tabaka la chini lililokwisha kupokelewa. Mfumo unajua bledi iko wapi. Haujui imebeba nini, kiasi gani, kina maji kiasi gani. Tena tabaka likishindiliwa hushuka, hivyo lazima liachwe juu kidogo kabla ya rola. Kiasi gani? Kinategemea kifusi chenyewe. Hujaribiwa kwenye kipande kifupi cha barabara, kisha mtu hukiandika kwenye skrini kwa kidole. Teknolojia imembebea opareta mzigo wa kimo, na sasa tunauona waziwazi ule mwingine aliokuwa akiubeba wakati huohuo.

Mikono nayo imebadilika. Greda za zamani zilikuwa na usukani na safu ya levasi, na maopareta walifanya kazi wakiwa wamesimama ili waone ncha ya bledi. Caterpillar ilipotoa greda zake za mfululizo wa M mwaka 2007, iliondoa vyote ikaweka vijiti viwili tu, na kwa hesabu ya kampuni yenyewe mwendo wa mikono ulipungua kwa hadi asilimia 78. Wazee waliguna. Levasi zilikuwa nzito lakini zilikujibu. Bledi ikigonga mwamba ulijua kwa kiganja. Mimi naona mabega ya mtu aliyefanya kazi miaka 30 ni hoja yenye nguvu kuliko manung'uniko hayo.

Anayestahili hofu zaidi siku hizi ni mpima. Zamani akikosea kigingi kimoja, jicho la opareta lilikishtukia kimekaa vibaya kati ya wenzake. Sasa kosa lake linaingia kwenye mchoro na kusambazwa kwa mashine zote kwa mpigo, na zote zitachimba mahali pasipo penyewe kwa uhakika mkubwa. Kwetu Afrika Mashariki mtego uko tayari: ramani nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania zimejengwa juu ya mfumo wa vipimo wa Arc 1960, setilaiti zinatumia wa kwao, na kati ya mifumo hiyo miwili sehemu moja inaweza kutofautiana kwa mita mia kadhaa. Kimo nacho, setilaiti hazikipimi kutoka usawa wa bahari tunaoujua. Kwa hiyo kabla greda haijawashwa, mpima anazunguka alama za saruji za mradi moja baada ya nyingine na kulinganisha, na hiyo ni asubuhi ambayo bosi mwenye haraka hutamani kuiruka.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo vitabu vya mashine vilivyoandikwa Ulaya hulipitia juujuu. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua likizama, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme huchafuka zaidi katika ukanda huu kuliko kaskazini ya mbali, na mawimbi ya setilaiti yanayolipenya huanza kumetameta. Skrini inayoyumba baada ya magharibi huenda haina ubovu wowote. Na jioni ndiyo saa nzuri ya kazi, maana maji hayakauki upesi ndani ya kifusi. Saiti yenye opareta anayeweza bado kusoma kamba haisimami hapo.

Teknolojia haikuishia kwenye greda. Rola nalo limepata masikio: kipima mtikisiko kwenye ngoma yake husikiliza jinsi ardhi inavyolirudishia pigo, wazo lililoanza kujaribiwa Sweden miaka ya 1970, na skrini inapaka rangi sehemu zilizokaza na zilizolegea. Droni hupima rundo la kifusi kwa dakika chache. Hili la droni nalipenda kwa sababu moja isiyo ya kihandisi: ujazo ukijulikana, hesabu za tripu za malori hazipikiki kirahisi.

Wakandarasi wetu wadogo wengi hawana hata kimoja cha vitu hivi. Hukodi greda pamoja na opareta wake, na wanapopiga simu huuliza jina la opareta kabla ya umri wa mashine. Nadhani wanafanya busara.

Mhandisi anapokuja kupokea tabaka la mwisho hatazami skrini ya mtu. Analaza rula ya chuma ya mita 3 juu ya barabara na kutafuta mwanga chini yake. Pakiwa na kibonde cha sentimita moja, mfumo ungekuambia jambo rahisi: jaza moja. Opareta wa fainali hakubali. Anajua udongo mwembamba ukipakwa juu ya tabaka lililokwisha kushindiliwa haushiki. Utakaa kama ganda, na magari yakianza kupita utabanduka pamoja na lami yake. Ndiyo maana tangu mwanzo aliacha barabara juu kidogo, ili amalize kwa kukata na asilazimike kujaza. Na kama kibonde kimetokea hata hivyo, anashusha meno ya greda, analichana tabaka kwa kina, analiita boza, na kuanza kuchanganya upya.