Kusubiri au Kusubirishwa? Uhakiki wa Masimulizi ya Vizuizi vya Kijeshi katika Ukingo wa Magharibi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maisha ya kila siku ya wanavijiji wa Kipalestina penye vizuizi vya kijeshi yanavyosimuliwa katika kazi tatu: filamu ya hali halisi ya Yoav Shamir, Machssomim (2003); taarifa za kundi la wanawake wa Israeli liitwalo Machsom Watch; na filamu fupi ya Farah Nabulsi, The Present (2020). Hoja kuu ni kwamba ushahidi wa macho, hata ukiwa wa kweli, humwelekeza mtazamaji kupima adabu za askari na kuisahau amri iliyomweka mwanakijiji katika foleni. Makala yanaonyesha pia kwamba mofolojia ya kitenzi cha Kiswahili inaweza kumrejesha mtenda aliyefichika, iwapo mfasiri ataitumia kwa makusudi.

1. Utangulizi

Katika Ukingo wa Magharibi, safari ya kilomita chache kutoka kijijini hadi mjini haipimwi kwa umbali. Hupimwa kwa idadi ya vizuizi vilivyo njiani na kwa hali ya kila kizuizi saa ile msafiri anapofika. Mgonjwa anayekwenda hospitalini Nablus, mwanafunzi anayekwenda Chuo Kikuu cha Birzeit, mkulima ambaye mizeituni yake imebaki upande wa pili wa ukuta: wote huanza siku kwa kuuliza kama njia iko wazi. Tangu Intifada ya pili ilipozuka Septemba 2000, hali hiyo imezaa maandishi na filamu nyingi. Sehemu kubwa ya kazi hizo ni za ushahidi. Mtu huenda penye kizuizi, hutazama, huandika au hurekodi, kisha huwaonyesha wasiokuwapo.

Suala hili linawahusu wataalamu wa Kiswahili kwa sababu ya wazi. Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika uliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, na Palestina ni mada ya kudumu katika maazimio ya Umoja huo. Anayezitafsiri hati hizo, sawa na mhariri wa habari za kimataifa katika redio zetu, hulazimika kuchagua: mahali hapa paitweje, na yanayotendeka hapo yasemwe kwa kauli gani ya kitenzi? Uchaguzi huo hufanywa kila siku, mara nyingi bila kujadiliwa.

2. Jina la mahali

Istilahi iliyozoeleka katika vyombo vyetu vya habari ni "kituo cha ukaguzi". Jina hilo limeundwa kutokana na kazi ambayo mwenye kituo anasema anaifanya. Lugha za wenyeji haziendi njia hiyo. Kiebrania husema machsom, neno lenye maana ya kizuizi, ambalo pia hutumika kwa kifaa cha kumfunga mnyama kinywa. Mzizi wake ndio uliomo katika sheria ya Kumbukumbu la Torati inayokataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Kiarabu sanifu husema hajiz, yaani kitu kinachozuia. Wapalestina wenyewe, katika mazungumzo ya kila siku, wamelikopa neno la Kiebrania na kulipa wingi kwa kanuni za Kiarabu: mahasim. Wingi wa namna hiyo haupewi neno la kupita. Ni dalili kwamba kitu chenyewe kimekwisha kuwa sehemu ya maisha.

Jeshi nalo limejaribu kubadili jina. Vizuizi vikubwa, kikiwemo cha Qalandia kati ya Ramallah na Jerusalem, vilipojengwa upya katikati ya muongo wa 2000, vilianza kuitwa ma'avar, yaani mahali pa kuvukia. Kwa Kiswahili tungesema "kivuko". Msomaji wetu anajua kwamba kwenye kivuko mtu husubiri chombo kwa sababu kuna maji. Hapa maji hayapo. Kilichopo ni ukuta na malango ya chuma yanayozunguka. Katika Hollow Land (2007), Eyal Weizman anaeleza kwamba mikono ya malango hayo ilitengenezwa kwa urefu wa sentimita 55, ilhali ndani ya Israeli urefu wa kawaida ni kati ya sentimita 75 na 90. Mwenye mzigo, mjamzito au mzee hupita kwa kubanwa. Jina limelainishwa, na chuma kimekazwa.

Takwimu nazo zinaunga mkono jina pana zaidi. Mapema mwaka 2023, Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kuratibu Masuala ya Kibinadamu ilihesabu vizuizi 645 katika Ukingo wa Magharibi. Miongoni mwa hivyo vilikuwamo 49 vyenye walinzi muda wote, na 139 vilivyowekewa walinzi mara kwa mara. Vingi vya vilivyobaki ni matuta ya udongo, mawe ya zege, mahandaki na mageti ya barabarani. Mapema mwaka 2025 hesabu ya ofisi hiyo ilifika 849. Kwa hiyo sehemu kubwa ya vizuizi haina hata askari wa kukagua kitambulisho. Tuta la udongo halikagui mtu. Huzuia tu.

3. Jicho la kamera na jicho la shahidi

Filamu ya Shamir ilirekodiwa kati ya 2001 na 2003 katika vizuizi mbalimbali, na mwaka huohuo wa 2003 ilipata tuzo ya Joris Ivens katika tamasha la filamu za hali halisi la Amsterdam. Haina msimulizi. Kamera inasimama, watu wanafika, askari anasema ndiyo au hapana, mvua inanyesha, watu wanarudi au wanapita. Nguvu ya filamu imo katika kujizuia huko. Mtazamaji haambiwi afikiri nini, na baada ya dakika themanini ameelewa kwamba kizuizi hakina kanuni moja inayoweza kutabirika. Jibu la jana halimsaidii mtu leo.

Hata hivyo, mbinu hiyo ina mpaka wake. Kwa kuwa kamera imesimama pale alipo askari, tamthilia yote inakuwa ya watu wawili: kijana mwenye bunduki na raia mwenye karatasi. Mtazamaji anaanza kuwagawa askari katika makundi, huyu mpole, yule katili, huyu amechoka. Ofisi inayotoa vibali haionekani, wala ramani iliyoamua kwamba barabara hii ni ya hawa na ile ni ya wale. Ushahidi wa hatari hiyo umo katika historia ya filamu yenyewe: jeshi lilikuja kuitumia kuwafunzia askari wake. Kazi iliyokusudiwa kuonyesha uovu wa mahali iligeuka somo la namna ya kusimama mahali hapo kwa nidhamu zaidi.

Taarifa za Machsom Watch zina umbo tofauti. Kundi hilo lilianzishwa Januari 2001, na wanachama wake, wanawake wa Israeli, walisimama kwa zamu asubuhi na alasiri katika vizuizi kama Huwwara kusini mwa Nablus, Qalandia na Bethlehem. Kila taarifa hutaja tarehe, zamu, saa, idadi ya njia zilizofunguliwa, urefu wa foleni na muda uliomchukua mtu kupita. Ni maandishi makavu, na ukavu huo ni fadhila. Msomaji wa taarifa moja huona tukio. Msomaji wa taarifa mia huona mfumo. Marudio, ambayo mhakiki wa fasihi angeyahesabu kuwa udhaifu, hapa ndiyo hoja. Anayesoma kwamba njia moja tu ilifunguliwa asubuhi ya kazi, kisha akasoma hivyohivyo wiki iliyofuata na mwezi uliofuata, hawezi tena kusema kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Kundi hilo pia lilikabiliwa na swali gumu, ambalo Yehudit Kirstein Keshet, mmoja wa waanzilishi wake, analijadili katika kitabu chake cha 2006. Shahidi anapompigia simu ofisa wa jeshi ili mgonjwa mmoja apite, amemwokoa mgonjwa huyo. Lakini je, hajakisaidia kizuizi kufanya kazi bila aibu? Swali hilo halina jibu jepesi, na haifai kulijibu kwa kumlaumu aliyeshika simu. Linatosha kutuonyesha kwamba kutazama ni kitendo, na kwamba kitendo hicho kinaweza kuingizwa katika mashine inayotazamwa.

4. Friji na lango

Nabulsi, mtengenezaji filamu Mwingereza mwenye asili ya Palestina, anachukua njia ya tatu. The Present, iliyopata tuzo ya BAFTA ya filamu fupi mwaka 2021, inaanza katika kizuizi halisi cha Bethlehem kijulikanacho kwa nambari 300, alfajiri, miongoni mwa vibarua waliosongamana. Kisha inamfuata Yusef, anayetoka na binti yake Yasmine kwenda kumnunulia mkewe friji kwa ajili ya kumbukumbu ya ndoa yao. Hakuna mpango wowote isipokuwa huo.

Tofauti na Shamir, Nabulsi haisimamishi kamera penye kizuizi. Anaipeleka kutoka kitandani mwa Yusef, mwenye maumivu ya mgongo, hadi dukani na kurudi. Kwa hiyo mtazamaji anapata kipimo ambacho kamera ya Shamir haikuweza kumpa: anajua siku hiyo ingekuwaje. Yusef anapofungiwa ndani ya uzio wa chuma huku bintiye akimtazama, tunachoona kimepotea si saa tu bali pia hadhi ya baba mbele ya mtoto. Na wakati wa kurudi, friji haipiti katika lango la waenda kwa miguu. Kando yake pana barabara, pana na wazi. Askari hawana haja ya kuwa wakatili ili tatizo liwepo. Kipimo cha lango kimekwisha kuamua.

Udhaifu wa filamu uko mwishoni. Wakati watu wazima wanapigiana kelele, Yasmine analisukuma friji mwenyewe na kupita barabarani. Ni hitimisho la kuridhisha, na kwa sababu hiyo linatia shaka. Ushujaa wa mtoto unamfariji mtazamaji aliyeko mbali, ilhali kesho yake lango litakuwa na upana uleule.

5. Sarufi ya kuzuiwa

Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa na la kusema. Tuzingatie sentensi mbili: "Wanakijiji walisubiri kwa saa tatu" na "Wanakijiji walisubirishwa kwa saa tatu". Ya kwanza inaeleza hali inayoweza kumpata yeyote kwenye kituo cha basi. Ya pili, kwa viambishi vya usababishi na utendwa, inadai kwamba yupo aliyewasubirisha, hata kama hatajwi. Vivyo hivyo "barabara haipitiki" na "barabara imefungwa". Kauli ya kutendeka humwondoa mtenda kabisa, kana kwamba njia imeharibiwa na mvua za masika. Kauli ya kutendwa humwachia nafasi. Tukienda mbele zaidi na kusema "wanakijiji wamefungiwa barabara", kauli ya kutendea inawaingiza walioathirika katika kitenzi chenyewe.

Kitenzi "kuruhusu" nacho kinahitaji uangalifu. "Waliruhusiwa kupita baada ya saa mbili" ni sentensi sahihi, lakini inaufanya mwendo wa mtu kati ya nyumba yake na shamba lake kuwa hisani. Mfasiri aliye makini anaweza kuandika "walizuiwa kwa saa mbili kabla ya kupita". Ukweli ni uleule. Uzito umehamia mahali pake.

Pingamizi lipo, nalo lisikizwe. Serikali ya Israeli hutetea vizuizi kwa hoja ya usalama, na mashambulizi ya kujitoa mhanga ya miaka ya Intifada ya pili yaliua mamia ya raia wake. Mtu anaweza kudai kwamba kusema "kusubirishwa" ni kuchukua upande. Jibu la makala haya ni kwamba kauli ya kitenzi haihukumu sababu. Inataja tu kwamba tendo lina mtenda. Anayesema usalama ndio uliolazimu watu wasubirishwe amekwisha kukiri kwamba wamesubirishwa. Mjadala wa uhalali unaanzia hapo, ukikumbuka kwamba vizuizi vingi viko ndani ya Ukingo wa Magharibi, kati ya kijiji na kijiji, na kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake ya ushauri ya Julai 2004 na Julai 2024, imekwisha kuyazungumzia masuala ya ukuta na ya ukaliaji wenyewe.

6. Hitimisho na mapendekezo

Kazi tatu zilizohakikiwa zinakamilishana. Shamir anatupa uso, Machsom Watch hesabu, Nabulsi siku nzima. Hakuna inayotosha peke yake, na zote zinakabiliwa na hatari ya kumfanya msomaji atake askari mwema zaidi badala ya njia iliyo wazi.

Kwa watunga sera za lugha na wafasiri, makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, "kizuizi cha kijeshi" liwe jina la jumla, na "kituo cha ukaguzi" libaki kwa mahali ambapo ukaguzi hufanyika kweli. Matuta, mageti na mahandaki yatajwe kwa majina yake. Iangaliwe hapa kwamba umbo "kizuizini" lina maana yake nyingine ya kuwekwa ndani bila kesi, hivyo "penye kizuizi" ni salama zaidi. Pili, neno "kivuko" lisitumike kwa mahali hapo, isipokuwa katika kunukuu jina la kijeshi. Tatu, miongozo ya mitindo katika vyumba vya habari na ofisi za tafsiri iwe na kipengele kuhusu kauli za vitenzi katika habari za migogoro, kwa kuwa kauli ya kutendeka huchaguliwa kwa urahisi mno pale mtenda anapokuwa na nguvu.

Mapendekezo haya hayatafungua lango hata moja. Yanachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba msomaji wa Kiswahili anapoletewa habari ya mkulima aliyeikosa siku ya mavuno, sentensi haitamwambia kwamba siku hiyo ilipotea yenyewe.